Kilo Moja ya Mizizi

Mizizi imefika Cuttack kwa treni,
gunia bado lina tope la Koraput.
Naiosha, naikata, naitwanga;
uchungu wake wanifuata hadi kooni.

Siku tatu imelala ndani ya spiriti.
Leo nachuja. Chupa inazunguka juu ya maji ya moto,
mvuke unapanda, unapoa, unadondoka,
na chini unabaki utomvu wa kahawia,
mzito kama asali iliyoungua.

Kilo nzima, Sasmita, najiambia,
kilo nzima kwa vumbi lisilofunika ukucha.

Nyumbani mama amefungwa mkanda mkononi:
mia na tisini kwa mia na kumi.
"Si wewe unayeipika hiyo dawa?"
Ni mimi. Lakini kichupa kina namba, hakina jina,
na zamu ya kwanza ni ya panya.

Mama akacheka mpaka zebaki ikacheza.
"Basi wasalimie hao panya," akasema,
"waambie wasikawie."

Usiku nalamba kidole: bado kichungu.
Nampikia dengu. Mkono wangu
unaenda kwenye kopo la chumvi,
unarudi.