Tekla, Maili 9

Tunafungua Jumamosi tu, saa nne hadi saa tisa,
na Jumapili ukigonga dirisha la jikoni.
Hakuna kiingilio. Pana kopo la kahawa
lenye tundu kifunikoni; wengi hulitikisa kwanza.

Zamani ilikuwa gereji. Sakafu bado inanuka oili
siku za joto, na vibao vimeegemea kuta
kama watu wanaosubiri kuitwa majina.
SIMAMA ya manjano, kabla nyekundu haijawa sheria.
Ng'ombe wa bati, tumboni matundu manne ya risasi:
vijana wa Nebraska hujifunzia shabaha vitu visivyokimbia.
Kona kali. Daraja bovu. Shule, na mtoto mwenye kofia
anayekimbia tangu mwaka wa arobaini na nane, hajafika.

Baba, Ladislav Kovarik, alivichora vingi kwa mkono,
ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.
Barabara kuu mpya ilipopita kusini
ikatuacha kama mabua baada ya mavuno,
idara ilimtuma aving'oe. Aling'oa.
Kwenye chuma chakavu havikufika.

Lakini kile kilichokuleta kipo nyuma ya mlango:
TEKLA, MAILI 9.
Itazame vizuri hiyo tisa. Imejipinda kwa madaha, haina doa,
ila ni ya uongo. Tekla ni maili kumi na moja.
Njia ya mwongo ni fupi, walisema;
hii ilikuwa fupi kwa maili mbili kamili.

Januari ya sitini na moja mwalimu mmoja, Arlys Bohlen,
alisoma kibao, akautazama mshale wa petroli,
akakiamini kibao.
Gari lilizimika maili ya tisa na nusu.
Alitembea, theluji magotini,
na kesho yake akaingia karakana ya idara
kiatu mkononi, soli ikining'inia kama ulimi wa mbwa:
"Nani hapa hajui kuhesabu?"

Baba hakujitetea. Alitafuta gundi.

Wageni hucheka hapa, nami huwaacha wacheke.
Siwaambii hesabu niliyoifanya tangu utotoni:
toa maili mbili, toa theluji, toa kiatu,
kinachobaki ni kiti hiki, kitupu.

Mama alitangulia mwezi Machi.
Siku hizi, usiku, Baba huniomba nizime taa zote
nimpe tochi. Anamulika ukutani,
na gololi ndogo za kioo alizopachika herufini
zinaamka moja moja, macho ya paka
aliyekuwepo chumbani muda wote.
Anasoma kwa sauti: Kona. Daraja. Shule. Polepole.
Akifika mlangoni husita.

"Bado mbali?" huniuliza.

Tisa, namjibu.
Tisa tu, Baba.