Simu ya Mikono Miwili

Usiniulize simu gani ni nzuri.
Uliza kama unavyouliza kiatu:
mguu ni wa nani,
na njia ina matope kiasi gani.

Kibanda changu kiko Luanda, hatua ishirini kutoka relini.
Meza moja, taa moja, bisibisi saba
(ya nane aliiazima Ambani, ikaondoka na pikipiki).
Siku ya soko wananipangia foleni kama zahanati,
kila mtu na ugonjwa wake kiganjani.

Kageha huuza omena kwa gorogoro.
Mwanawe alimletea kutoka Nakuru simu pana kama kigae,
macho matatu mgongoni, kioo kinateleza.
Vidole vyake vina chumvi na magamba; kioo hakimtambui.
Ameigusa, ameisugua, ameipangusa kwa leso,
imekaa kimya kama mkwe aliyenuna.
Nikamtafutia kabambe, mulika mwizi ya vitufe:
chaji ya Jumatatu inafika Ijumaa,
na tochi yake inatosha kuhesabu noti alfajiri.
Ile pana ipo sandukuni, imefungwa kitambaa,
inalala na hati ya shamba.

Ambani alitaka ramani na sauti ya kushinda injini.
Akachukua ya mkopo, hamsini kila siku.
Simu nzuri, siisemi vibaya, betri yake fahali.
Lakini Jumapili ilinyesha mchana kutwa,
abiria wakabaki makwao, hamsini ikakosekana,
na saa sita usiku simu ikafumba macho.
Nilimfungulia mgongo wake, nikakagua kila waya.
Hakuna kilichovunjika.
Kuna kufuli lisilofikiwa na bisibisi.

Mwalimu Injendi anataka yenye nafasi zaidi.
Hii yake imejaa. Imejaa nini?
Maua ya habari za asubuhi kutoka chama cha akina mama,
maua ya miaka minne, mengine yanameremeta.
Nikamwambia, mwalimu, hujaishiwa na simu,
umeishiwa na ujasiri wa kufuta.
Alicheka. Hakufuta hata moja.

Na yule kijana wa chuo, Maseno,
mwenye tofaa lililong'atwa, alilolinunua kwa mtu wa tatu:
picha zake zinakutoa ulivyo na ulivyotamani kuwa,
ila kabla ya chakula cha mchana imezimia,
naye anakaa kwangu, ameshika waya wa chaji
kama anayemuuguza mtu.

Halafu akaja Lumadede, mshonaji,
aliyechukuliwa masikio na surua akiwa na miaka mitano.
Maduka matatu yalikuwa yamemcheka:
simu ya nini, nawe husikii?
Aliniandikia nyuma ya risiti, herufi kubwa:
NATAKA KUONGEA NA MKE WANGU, YUKO KISUMU.

Tulijaribu nne.
Ya kwanza ilififiza vidole jioni ilipoingia.
Ya pili ilikata sentensi katikati ya kiganja.
Ya tatu nzuri, bei yake ng'ombe.
Ya nne jina lilikuwa limefutika mgongoni, sijui hata ni ya nani,
lakini jicho lake la mbele halikuogopa giza.
Ila akiishika kwa mkono mmoja,
anabaki na nusu ya mdomo.

Nikachukua kijiko cha chai,
nikakikunja mpini kwa koleo, nikakikunja tena,
nikaisimamisha simu mezani, kati ya gundi na nyembe.
Uso wa mwanamke ukatokea. Mikono ikainuka,
huku na kule, haraka, ikikatizana,
ikigombana kidogo nadhani, kisha ikicheka.

Foleni nzima ilinyamaza.
Hata Ambani alizima injini.
Kageha akaninong'oneza: Wanasemaje?
Nikamwambia: Mimi sisikii.