Robo Tatu ya Mzunguko

Kereza chuma miaka ishirini na mitatu
uone kama vidole havitahisi kosa la unywele
kabla jicho halijaliona.
Mimi, Zbyněk, wa karakana ya Ostrava,
nasikia beringi ikilia ukuta wa pili,
lakini sikusikia
kitu ambacho hakikuzunguka ndani yangu.

Maumivu yalikuja baada ya chakula,
si kila chakula. Supu ya kabichi ilipita salama.
Matonge ya viazi yalinipigisha magoti kando ya mashine;
kisha nikijikunja kwa ubavu wa kushoto,
kimya, kama mtu kazima swichi.

Daktari wa kwanza alisema vidonda vya tumbo.
Wa pili, neva: umepewa talaka, si ndiyo?
Wa tatu alitazama mikono yangu yenye grisi
akauliza nakunywa bia ngapi.
Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa.
Sikuyaficha. Yalijificha yenyewe,
yakija Jumamosi, yakiondoka Jumatatu
kabla zahanati haijafungua dirisha.

Mama, Drahomíra, alikumbuka jikoni,
kisu mkononi, kitunguu nusu:
"Uchangani ulitapika kijani. Kijani cha mnanaa.
Wakasema ni maziwa yangu."
Akaendelea kukata kitunguu,
kwa hiyo sijui.

Februari, theluji imechanganyika na masizi,
nikatapika kijani kilekile.
Gari la wagonjwa. Skani.
Daktari Šebestová, viatu vya mpira vya manjano,
akanigeuzia kioo cha kompyuta:
"Vena hii hukaa kulia kwa ateri. Yako iko kushoto.
Na hapa, tazama."
Kizingia cha kijivu, utumbo umejisokota
juu ya mishipa inayoulisha.
Nilikitambua. Ndicho ninachofagia kila jioni
chini ya kerezo.

Tumboni mwa mama, akasema, wiki ya kumi,
utumbo uliotoka kwenda kwenye kitovu hurudi nyumbani,
na kurudi kwake ni kuzunguka, kinyume cha saa.
"Digrii ngapi?"
"Mia mbili na sabini."
"Wangu?"
"Tisini hivi."
Nikamwambia, kwetu kipande hicho hutupwa pipani.
"Kipande hicho," akasema, akisaini fomu,
"kimefanya kazi miaka arobaini na moja."

Wakanipasua usiku uleule.
Wakausokotoa, kinyume cha saa,
wakaufunika vitambaa vya moto wakangoja
zambarau irudi kuwa waridi.
Wakakata kamba za nyama zilizoubana,
wakatanua shina lake lililokuwa jembamba,
wakaondoa kidole tumbo kizima kisicho na kosa,
maana kimekaa kushoto,
na siku kikiwaka, nani angekitafuta huko?

"Sasa umekaa sawa?" nikauliza, koo kavu.
"Hapana. Mwembamba wote kulia, mpana wote kushoto.
Hatuurudishi mahali pa watu wengine.
Tunauacha pale ambapo hautajisokota."
Siku tatu nilimkasirikia kwa jibu hilo.
Fundi hamalizi kazi namna ile.

Mei nikarudi karakanani.
Jana, saa ya mapumziko, nilifungua kopo la Mama:
matonge ya viazi, matatu.
Nikayala yote nimesimama,
mkono juu ya mashine,
nikasubiri.