Dawa ya Jioni

Mara ya kwanza nilikosea, Kiden:
saa saba mchana, mkono mzito,
mafuta ya mwarobaini yakakaanga bilinganya zangu
kama sambusa za sokoni Koboko.
Miche kumi na mmoja. Niliihesabu.

Siku hizi nasubiri
jua lishuke upande wa Kongo,
nyuki warudi kwao.
Maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja tu,
sabuni ya mche kwa ajili ya mche,
natikisa chupa mpaka yawe meupe,
maziwa ya uongo.

Na harufu yake! Kitunguu saumu
kilicholala na karanga zilizooza.
Mwanangu hukimbia na kikombe chake cha uji.

Nainama, nainua jani kwa kidole,
maana vidukari ni kama wadeni,
hutawakuta sebuleni:
wamo uvunguni, wananyonya kimya.

Hawafi papo hapo.
Asubuhi nawakuta bado wapo,
wamepoa,
kama wageni waliosahau
walichojia mezani.

Jana limechomoza jani jipya,
dogo, kama sikio la panya.
Mama mkwe sijamwambia.
Hesabu yake bado ni kumi na mmoja.