Sifuri, Yaani Sijambo

Huddersfield, saa nne usiku. Mvua ya Novemba
inakuna vioo vya kiwanda cha zamani cha sufu.
Siku hizi hakifumwi kitu humu. Chini ghalani
ndiko tuliko: mashine moja ya tepu, kabati tatu,
mimi Mwanahamisi wa zamu ya usiku,
na kopo la biskuti la Trevor Haigh.

Trevor aliondoka Machi bila kuaga.
Kiharusi hakimpi mtu nafasi ya kuandika maelezo.
Miaka ishirini na sita alihifadhi, usiku baada ya usiku,
majina ya watoto waliozaliwa hospitali ya kilimani,
na mipangilio yote aliiweka kichwani
kama mpishi asiyepima chumvi.

Sasa wanaitaka tepu ya mwaka tisini na nane.
Naiingiza. Mashine inaimeza, inaguna, inaitema.
Bi Oldroyd, mkubwa wangu, anasema: ilazimishe.
Kwetu Pangani sikufundishwa kulazimisha mlango.
Mlango hupigiwa hodi.

Basi naandika programu fupi, mistari kumi na tisa.
Kwanza hodi: nafungua njia hadi kwenye mashine,
nangoja inipe mpini wa kushika.
Kisha natenga chombo cha kupokelea jibu.
Kisha nauliza. Siamuru, nauliza tu:
umewekwaje?

Jibu: chombo chako kidogo, lete kikubwa.
Nikacheka peke yangu. Shangazi Mwatumu ni hivyo hivyo,
ukimwendea na kibakuli kuomba mchuzi
anakurudisha ukachukue sufuria.

Nikaleta sufuria.
Ikarudi sifuri.

Sifuri hiyo si ile ya wino mwekundu daftarini.
Maana yake: hakuna kosa. Yaani sijambo.
Na kama sijambo ya kwetu, hutangulia tu,
halafu ndipo mtu anakaa kitako
akakueleza mguu, na mgongo, na mtoto asiyepiga simu:

kurekebisha makosa, ndiyo;
kubana data, hapana;
ukubwa wa kila pande la maandishi, baiti mia tano na kumi na mbili;
eneo la tahadhari kabla ya mwisho wa utepe, sifuri.

Nikausoma mstari huo mara mbili.
Sifuri hii siyo ile.
Hii inasema utepe ukikaribia kwisha
hakuna kitakachokuambia. Unaandika, unaandika,
halafu huna pa kuandikia.
Trevor, siku ile, alikuwa anafungua kopo la biskuti.

Lakini hayo ni ya mashine. Tepu nayo ina yake,
na huulizwa kwa namba nyingine.
Nikauliza. Pande moja: baiti elfu sitini na tano na ushei.
Kumbe mashine ilikuwa inatafuna mfupa kwa meno ya mtoto.
Na tena: kuandika juu yake, marufuku.
Kijidude chekundu kimesukumwa pembeni,
kwa kidole cha nani, najua.

Nikabadili ukubwa. Utepe ukaanza kuzunguka
na majina yakashuka kwenye skrini, uzito, saa ya kuzaliwa,
mvulana mmoja saa nane na dakika moja usiku, bado hana jina.

Jumapili nikapanda basi hadi Holmfirth, makao ya wagonjwa.
Wauguzi humwinamia wakipaza sauti:
unanikumbuka, Trevor? Yeye hutazama blanketi.
Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi hivyo hivyo.
Nikakaa. Nikauliza kitu kidogo,
cha kiasi anachoweza kukibeba:
tisini na nane, uliandika kwa pande la ngapi?

Midomo ikahangaika. Nikangoja.
Mkono wa kushoto, ule unaomtii bado,
ukachora juu ya meza: sita. Nne.

Nilikuwa nalijua jibu tayari.

Halafu akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu,
pale kona ya kopo ilipochungulia.
Zilibaki biskuti mbili, zimelainika.
Tukala.