Sekunde Arobaini na Moja

Baba hakuamini.
"Watu mia mbili na sita waliingia wiki hii," nilimwambia.
"Basi mbona kengele ya mlango haikulia?"
Akafuta miwani kwa kitambaa chenye grisi,
ikawa chafu kuliko mwanzo.

Łódź, Februari. Theluji imegeuka tope
mbele ya karakana yetu, Mtaa wa Wólczańska,
ambako viwanda vya nguo vilizimika kimoja kimoja
na sasa vinauza kahawa ya bei mbaya.
Sisi tunatengeneza cherehani. Bado.

Juu kabisa ya tovuti, kwa herufi za dhahabu,
alikuwa amejitangaza mwenyewe:
WALERIAN PTAK, MTAALAMU WA MITAMBO YA USHONAJI,
UMAHIRI NA UAMINIFU TANGU 1978.
Nikamwonyesha safu ya kushoto ya takwimu,
maneno ambayo watu huyachapa wakishikwa pabaya.
Hakuna aliyetafuta umahiri.
Hakuna, katika Polandi nzima, aliyetafuta uaminifu.
Walichapa:
*cherehani inaruka mishono*
*uzi unakatika kila mara kwa nini*
*mashine ya bibi imekwama*
na mmoja, saa nane na dakika kumi usiku:
*gauni la harusi kesho mashine haishoni*

Baba alilisoma hilo la mwisho mara mbili.
"Huyu alisaidika?"
Sijui, Baba. Takwimu hazisemi.
"Zinasema nini basi?"

Zilisema ukurasa wetu unafunguka kwa kujikokota
kwa sababu ya picha ya cheti chake, nzito kama jiwe la kusagia.
Zilisema namba ya simu iko chini kabisa,
imejificha kama mtu mwenye madeni.
Cheti nikakipunguza, hakukipenda kikiwa kidogo.
Namba nikaipandisha.
Kisha nikamwambia: sahau uandishi,
ongea kama unavyoongea na mteja, mimi nitachapa.
Akasimama, kwa sababu simu huijibu akiwa amesimama.
"Cherehani inaruka mishono? Kwanza, usiipige.
Pili, itazame sindano.
Kama ni mashine ya nyumbani, upande ulio bapa uelekee nyuma.
Mara nyingi ni hilo tu, mama, ni hilo tu."
Hilo "mama" nililiacha.

Kufikia Mei tulikuwa tumetoka ukurasa wa tano,
kule ambako hata mdaiwa hatafutwi,
hadi mstari wa tatu wa ukurasa wa kwanza.
Watu elfu moja mia tisa kwa mwezi.
Nilinunua keki ya mbegu za mpopi. Tukala kimya
tukiitazama kengele.

Ndipo nikauona ule mstari mwekundu:
tisini na mmoja katika kila mia
wanakuja, wanasoma, wanaondoka,
hawabofyi kingine chochote.
Muda wa wastani: sekunde arobaini na moja.
"Wanatukimbia," nikasema. "Tuifiche dawa, Baba.
Tuandike nusu, nusu ya pili waifuate hapa."
Kodi ilikuwa imepanda, nilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Hakunijibu. Aliivuta Łucznik ya kijani iliyokuwa mezani,
akaigeuza sindano yake kinyume makusudi,
akanipa saa yake ya mkononi.
"Hesabu."
Akalegeza skrubu. Akachomoa sindano,
akaitafuta bapa kwa ncha ya kidole, si kwa macho,
akaisukuma juu hadi ikagota, akakaza.
Akashona inchi mbili kwenye kipande cha shuka,
akakiinua kwenye mwanga wa dirisha:
mishono yote ipo, hakuna iliyoruka.
"Ngapi?"
Thelathini na nane.
"Mimi ni fundi," akasema. "Wao waongezee tatu."

Nikafunga kompyuta.
Kengele ikalia. Baba akachana nywele haraka kwa vidole.
Alikuwa tarishi, na bili ya umeme.