Vyango Vitano

Chumba nilichopanga Langoni kilikuwa na vyango vitano
vya mti mweusi, vimetiwa ukutani kabla sijazaliwa.
Bi Nyathumu, mwenye nyumba, alinionya siku ya kwanza:
Msumari usipigilie. Ukuta huu ukiguswa humwaga chokaa
kama mtu aliyengoja kuulizwa hali ili alie.

Basi nikafungua sanduku, nikaanza kuhukumu.
Dera la harusi ya Swabra, dera la harusi ya Tima,
dera la harusi ya mtu ambaye hata jina silikumbuki:
sare tatu, kila moja usiku mmoja.
Viatu vinavyouma. Sketi ya siku nitakayokonda.
Vyote nikavifunga furushi, nikamwachia Swabra,
naye hajawahi kukataa nguo.

Chango cha kwanza: shati jeupe la pamba, la kiume,
la mtumba, nililolivua Malindi chini ya rundo,
mkono umezama mpaka kwapani,
muuzaji akipiga makofi, hamsini, hamsini.

Cha pili, sketi nyeusi ya fundi Shekuwe.
Nilimwambia: mifuko miwili, yenye kina. Akacheka.
Mwanamke na mifuko, ataweka nini?
Kalamu, bwana. Tochi. Daftari la mita za maji.
Peremende za watoto wanaonionyesha
mita iliyofichwa nyuma ya mtungi.
Na upindo uishie juu ya kifundo cha mguu,
maana mitaro ya hapa haimjui mwenye haraka,
na punda wa mchanga hampishi mtu,
hata aliyepiga pasi.

Cha tatu, gauni la kijivu. Peke yake ni gauni,
juu ya suruali ni kanzu ya kazi,
likifungwa kiunoni, watu huuliza umenunua lini.
Cha nne, leso ya mama. Jina lake limefifia,
zimesalia herufi tatu zisizosema kitu.
Asubuhi ushungi, usiku shuka,
mvua ikinikuta Mkomani, paa.

Cha tano, buibui.

Mwenzangu ofisini aliniuliza: Wajisumbuliani?
Si buibui hufunika yote?
Hufunika. Lakini anayetembea humo ndani ni mimi.
Najua pamba iko wapi, najua kalamu iko mfuko wa kulia,
na mguu wangu pia unajua.
Akanihesabia: Jumatatu shati. Jumanne shati.
Jumatano gauni, nikamsahihisha.

Mwezi wa saba Swabra akaja. Ameitwa usaili Malindi.
Ana madera thelathini na manane,
kabati lake halifungi mlango,
na hana cha kuvaa.
Akalitungua shati, akaondoka nalo.

Siku tisa chango kilikaa kitupu. Ndipo nikaona
kwamba ncha yake imechongwa kikonyo cha asumini,
na kwamba miaka miwili nimekuwa nikikivika nguo.

Kazi hakupata. Shati lilipata kifungo.
Kile kingine kilidondoka, akasema, sijui wapi,
nikashonea nilichokikuta. Cha tatu kutoka juu,
buluu, kikubwa kidogo, cha sare ya mtoto wa shule.
Nikashika mkasi. Nikatazama saa. Nikauweka mkasi.

Nyumba ya nne asubuhi ile, buibui nimelifungua kwa joto,
mama mmoja alisimama mlangoni na ungo wa mchele,
macho yake hayako kwenye karatasi ya bili.
Kifungo hicho, akasema. Nani kakufunza?
Akaita binti yake aje atazame.

Hakuna, nikamwambia,
nikachuchumaa nyuma ya mtungi kuisoma mita.